Masika ya Timu ya Magongo

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mkuu kaniita ofisini baada ya gwaride. Nilidhani ni habari ya ripoti za darasa la nne, kumbe kaniteua mlezi wa timu ya wasichana ya kijiji. Timu ya mpira wa magongo. Nikamwambia, "Mkuu, mimi nimetoka Muleba, nimecheza netiboli tu, tena vibaya." Akasema sihitaji kucheza, kinachotakiwa ni mwanamke wa kukaa nao, shirika linaloifadhili timu limeweka sharti hilo.

Kocha ni mzee Nyangwine, mwanajeshi mstaafu, mchezo aliujulia kambini. Wasichana wanamwita Afande. Ni mtu mkavu, hacheki, anaongea kama anayepokea zamu. Watu wa hapa Issenye wamewabatiza wasichana wake "timu ya gongo", na kila wakipita kwenda mazoezini vijana wa bodaboda wanauliza kama pombe imeiva.

Nimepewa mwongozo wa shirika, kijitabu cha Kiswahili kilichotafsiriwa kwa haraka. Jaladani kuna watoto wa Kizungu wamevaa kofia zenye nondo usoni kama askari wa kutuliza ghasia, wanateleza juu ya barafu na magongo mikononi. Afande anasema huo ni mchezo mwingine kabisa, ila wafadhili wetu wanatoka huko na wameona magongo ni magongo.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha wazazi, darasa la tano. Nimewasomea sheria. Mzazi asipige kelele za matusi uwanjani. Kocha asimchape mchezaji. Mchezaji asipakiwe na mwanamume peke yake kwenye chombo cha usafiri. Hapo akina baba walitazamana. Nilipofika kwenye "akigongwa awekewe barafu mara moja", kicheko kilitaka kuezua bati. Mama mmoja aliuliza barafu hiyo itoke kwenye friji ya soda ya mjini Mugumu au tungoje mvua ya mawe.

Nikasoma ile ya kichwa pia. Mtoto akigongwa kichwa anatoka nje, harudi mpaka daktari mwenye mafunzo ya majeraha ya kichwa aandike kwamba amepona. Timu ikivunja sharti hilo inaondolewa mashindanoni. Hakuna aliyeuliza swali. Hata mimi niliipita haraka kwenda inayofuata.

Waisiko, mama yake Boke, aliondoka katikati ya kikao bila kuaga. Nimemwona kama mzazi asiyejali.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimemtazama Boke vizuri. Ana miaka kumi na mitano, mrefu, miguu myembamba. Alimaliza la saba mwaka juzi, hakuchaguliwa kwenda sekondari, tangu hapo yuko nyumbani na mama yake. Baba alifariki akiwa mdogo. Anacheza katikati. Anakimbia ameinama kiasi kwamba unadhani ataanguka, na mpira unaambatana na gongo lake kama umefungwa kamba. Wenzake wakipata mpira hawatazami goli, wanamtafuta yeye.

Afande amemfokea mbele ya wote kwa kuchelewa. Alikuwa ametoka kuchota maji. Hakujitetea. Nimekasirika na mzee huyu.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja Philomena, ofisa wa shirika, na gari limejaa matope hadi vioo. Ni binti mpole, anaandika kila kitu kwenye simu. Ametangaza kwamba timu itakayoshinda fainali ya Mugumu itapata nafasi tatu za chuo cha ufundi huko Musoma, bweni, kila kitu juu yao. Kocha na mlezi ndio watakaochagua wasichana.

Boke aliinua mkono. "Ufundi wa umeme upo?"

"Upo. Umeme wa majumbani na wa jua."

"Wasichana wanasoma?"

"Wanasoma, kwa nini wasisome?"

Akakaa chini. Mazoezi ya leo nayo yalikuwa mengine. Hata golikipa wetu mvivu alijitupa kwenye tope.

Jumamosi, 29 Machi

Tumewafunga kijiji cha Natta mawili bila. Yote ya Boke.

Jumamosi, 5 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Mazoezi yalianza vizuri, jua kidogo, uwanja unateleza. Afande alikuwa anawafundisha kona fupi. Mpira unatolewa pembeni, mmoja anausimamisha, mwingine anapiga. Boke aliusimamisha na Teddy akaja kupiga. Teddy ni msichana mwenye nguvu, na kwenye utelezi mguu wake wa mbele ulikimbia. Gongo halikugusa mpira. Lilipanda moja kwa moja na kumpata Boke juu ya sikio.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyegonga mlango. Boke hakulia. Alikaa chini polepole kama anayechagua mahali pakavu, halafu akalala.

Teddy ndiye aliyepiga kelele. Nilipofika Boke alikuwa amefungua macho. Nikamwita jina. Akasema, "Leo siku gani?" Nikamwambia Jumamosi. Akatulia, akatazama mawingu, akauliza tena, "Mwalimu, leo siku gani?" Akatapika. Akauliza tena.

Nilingoja Afande amwambie asimame. Badala yake alipiga magoti kwenye tope, akamshika kichwa kwa mikono miwili asikigeuze, akawaambia wasichana watoe sweta zao wamfunike. Aliongea kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Tulitafuta gari la mwalimu mkuu, na njia nzima mzee aliketi nyuma akiwa amemshikilia.

Zahanati tumemkuta tabibu Deus. Alimwangalia macho kwa tochi, akamwambia afuate kidole, akamsimamisha kwa mguu mmoja. Boke akayumba.

"Ni mtikisiko wa ubongo," Deus alisema. "Sioni dalili ya damu kuvuja, lakini alale hapa nimwangalie. Asikimbie, asibebe ndoo, asikae na kelele. Akigongwa tena kabla hajapona, mwalimu, hapo ndipo watoto wanapotuharibikia."

Nikamuuliza kama yeye anaweza kuandika atakapopona. Akasoma ule ukurasa wa mwongozo mara mbili. "Hapa wanataka mtu mwenye mafunzo hayo. Mimi sina. Ninayemjua yuko Mwanza."

Waisiko alifika kwa miguu, kanga imelowa. Alimtazama mwanawe, kisha akanigeukia. "Atacheza lini?"

Swali la kwanza la mama mzazi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Philomena. Anasikitika sana. Anasema sharti ni sharti, wafadhili wanalifuatilia kuliko lingine lolote kwa sababu kwao watoto wamekufa. Nikamuuliza kuhusu usafiri wa kumpeleka Mwanza. "Fungu hilo halipo, mwalimu. Nitauliza."

Jioni nimekwenda kwao. Boke alikuwa ameketi kivulini, amejifunika macho kwa kitenge. Waisiko alinipa kigoda lakini yeye hakukaa.

"Mama Boke, mtoto apumzike. Hata kama anasema hajambo."

"Hajambo. Ameamka, amekula."

"Deus amesema..."

"Nimesikia alichosema Deus." Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. "Shangazi yake Mokami ana mgahawa machimboni, huko Tarime. Mvua zikikatika anakuja kumchukua. Alitaka kumchukua mwaka jana, nikamwambia ngoja, huenda shule itapatikana. Ukoo umeshakaa, umesema mimi siwezi kumlisha msichana mkubwa aliyekaa tu. Nilikuambia siku ile ya kikao kwamba nina haraka? Nilikuwa nimeitwa huko."

Nikasema sikujua.

"Sasa soma hicho kitabu chako, mwalimu. Kuhusu kichwa kimesema. Kuhusu machimbo kinasemaje?"

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua usiku na mchana. Boke bado hawezi kukaa juani. Nimemkuta anajaribu kusoma gazeti la zamani, amefumba jicho moja.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Baada ya misa Afande alikuja kwangu na kuku mkononi. Nilijiandaa. Nilijua anakuja kuniomba nilegeze.

Akakaa, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, wazazi wanataka nimchezeshe nusu fainali. Mwenyekiti wa kijiji ananiambia tuseme aliumia bega. Mimi sitamchezesha. Nimekuja ujue, usije ukadhani uko peke yako."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema alikuwa na rafiki kambini, beki, mtu wa Kibondo. Aligongwa Jumatano, Jumamosi akacheza, akagongwa tena kidogo tu, kwa kiwiko. "Hakufa. Walimrudisha kwao. Nilimtembelea. Mke wake alikuwa anamfunga vifungo vya shati, naye anamwita mama."

Tulikula yule kuku pamoja na jirani zangu. Mtu niliyemwona katili mwezi mzima. Nimejifunza kwamba macho yangu hayafai sana kwa watu wa huku.

Jumatano, 23 Aprili

Shangazi Mokami amepiga simu kwa Waisiko kuuliza barabara zikoje.

Jumamosi, 3 Mei

Nusu fainali, hapa nyumbani. Sikutegemea ushindi. Tulicheza bila Boke, kila mtu akimtafuta katikati hayupo. Boke aliketi pembeni yangu kwa miguu iliyotulia na mikono isiyotulia. Dakika za mwisho Teddy alipiga mpira hovyo, ukamgonga beki wao, ukaingia. Moja bila. Wasichana wakamrukia, yeye akajitoa, akaja mbio hadi kwa Boke na kupiga magoti mbele yake. Hajaacha kumwomba msamaha tangu siku ile. Boke akamwambia, "Inuka bwana, unachafua nguo."

Tuko fainali. Kama daktari wa Mwanza akimwona, atacheza. Maumivu ya kichwa yamekwisha wiki nzima, jua analivumilia, jana amebeba ndoo ndogo na hakuyumba. Deus amezungumza na daktari huyo kwa simu, kapata miadi Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Walimu wenzangu wamechanga nauli. Nimejiruhusu kufikiri kwamba litawezekana.

Jumatatu, 12 Mei

Tuliondoka alfajiri jana, mimi, Boke na mama yake. Basi lilikwenda vizuri hadi kwenye korongo moja kubwa. Maji yalikuwa yamepita juu ya daraja, mekundu, yanabeba magogo. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Dereva akazima injini, akasema tungoje, huwa yanapungua haraka.

Hayakupungua. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu yanakotoka. Kijana mmoja wa lori alivua viatu, akaingia hadi magotini, akarudi. Abiria walikula walichokuwa nacho. Waisiko alitoka na kwenda kusimama ukingoni, akatazama yale maji muda mrefu. Nikaenda kusimama naye.

"Kuna watu ng'ambo ile," alisema. "Tunawaona hata rangi za nguo."

Leo asubuhi nimempigia daktari simu. Mtu mwema, hakukasirika. Lakini anakwenda safari ya kikazi, atarudi Juni. Nikamuuliza kama anaweza kumpima kwa simu, kwa picha, kwa namna yoyote. Akasema, "Mwalimu, ungekuwa wewe ungeandika kwamba mtu amepona bila kumwona?"

Basi liligeuza. Boke alilala njia nzima, au alijifanya amelala.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia Philomena na kumweleza habari ya daraja. Ameuliza makao makuu. Makao makuu wamesema wanaelewa changamoto za miundombinu na wanapongeza juhudi zetu. Sharti linabaki.

Jumamosi, 17 Mei

Boke amekuja mazoezini na gongo lake. Afande alipuliza filimbi, akamwambia aketi. Hakuketi. Alichukua mpira, akakimbia nao peke yake kutoka goli hadi goli, akapiga, ukaingia, akaufuata wavuni, akarudi nao mbio hadi nilipo mimi. Hakuwa hata anahema.

"Mwalimu, niulize siku."

"Boke..."

"Leo Jumamosi, tarehe kumi na saba. Jana Ijumaa. Niulize chochote."

"Najua umepata nafuu."

"Sasa?"

"Sina daktari wa kusema hivyo."

Akasogea karibu. Sauti ikashuka, wenzake wasisikie. "Nikigongwa tena ni kichwa changu, siyo chako. Nisipocheza, Mokami ananichukua. Umewahi kwenda machimboni, mwalimu? Mimi nimekwenda, nilimpelekea shangazi unga. Wasichana wa pale wanahudumia mpaka wateja wachoke. Usinifanye nikueleze zaidi. Mwambie Afande umeruhusu. Mwambie Philomena niliumia bega."

Nikamwambia hapana.

Nilimwambia hapana nikiwa nimemshika mkono, naye akauchukua mkono wake kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne tangu saa kumi na sijui nimeweka vema wapi.

Jumanne, 20 Mei

Waisiko hakuitikia salamu yangu kisimani. Wanawake wengine wakanyamaza. Mtoto mmoja akaniamkia, mama yake akamvuta.

Jumamosi, 24 Mei

Fainali Mugumu. Watu wengi, spika, hema la wageni. Mawingu yalikaa kama kifuniko, mvua ikaanza kipindi cha pili.

Tulicheza vizuri. Nataka hilo liandikwe mahali. Wasichana ambao Machi walikuwa wanashika gongo kama mwiko walizuia, wakaanguka, wakainuka. Tulifungwa moja mapema. Karibu na mwisho tukapata kona fupi. Boke alikuwa pembeni yangu, ameshika ukingo wa benchi. Mpira ukatolewa. Msichana aliyechukua nafasi yake akausimamisha vizuri kabisa. Teddy akaja, akanyanyua gongo, na nikaona kwa macho yangu akisita. Alimtazama mwenzake kichwani. Alishusha gongo polepole, akasukuma mpira kama anayefagia. Golikipa wao aliuokota tu.

Filimbi ilipolia Teddy alibaki amesimama hapo hapo. Afande alimwendea, akamvika koti lake, akamwongoza kutoka uwanjani. Hakusema kitu kuhusu lile pigo, na sidhani atasema.

Wenzetu waliitwa mbele, wasichana watatu wakatajwa. Walikuwa wanalia kwa furaha. Mmoja aligaragara kwenye tope na sare yake. Sikuweza kuwachukia.

Kisha Philomena akashika kipaza sauti. Akasema kuna timu moja ambayo shirika linataka kuitambua kwa namna ya pekee, kwa kuzingatia kikamilifu sera ya usalama wa mtoto katika mazingira magumu. Akataja sisi. Watu wakapiga makofi. Nikaitwa kupokea ngao ya kioo, nikapigwa picha. Niligeuka kumtafuta Boke. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano, 28 Mei

Nimempigia Philomena simu wakati wa mapumziko. Nimemwambia waziwazi: mnatusifu kwa kumweka nje msichana, basi mpeni huyo msichana nafasi. Moja tu. Alikuwa karibu kulia, nilisikia. "Nimeshaomba, mwalimu. Niliomba kabla yako. Wamesema nafasi ni za washindi, wakifungua mlango huo hawataufunga."

Na mradi? Unakwisha mwezi huu. Mwaka ujao wanahamia mkoa mwingine.

Jumatatu, 2 Juni

Jua siku tatu mfululizo. Barabara imekauka. Shangazi Mokami amefika.

Nilitegemea mwanamke mwenye uso mgumu. Ni mnene, mcheshi, amekuja na magauni mawili mapya, sukari, na dawa ya mgongo ya Waisiko. Aliniamkia vizuri, "Habari za kazi, mwalimu," akanishukuru kwa kumtunza mtoto alipoumia. "Wengine wangemwachia acheze afe. Mungu akubariki." Alisema hivyo kwa moyo wake wote, mbele ya Waisiko. Waisiko akaingia ndani.

Nilimwomba amwache hadi Juni iishe, daktari amwone. Akasema machimboni kuna madaktari wengi tu.

Alhamisi, 5 Juni

Wameondoka saa tatu. Nilitoka darasani, nikawaacha watoto wanakariri. Mkoba mmoja, bodaboda mbili. Boke alikuwa amevaa gauni moja jipya, limemkaa kama la mtu mzima. Hakuwa na hasira tena na mimi. Ningependa awe nayo.

"Mwalimu, nimempa Teddy gongo langu. Mwambie apige kwa nguvu."

"Nitamwambia."

"Kichwa hakiumi. Nilitaka ujue."

Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya lililo sahihi. Nikaona aibu kulitamka mbele ya uso wake. Akapanda nyuma ya dereva, na Mokami kwenye nyingine, wakaondoka, na vumbi, baada ya miezi yote ya tope, vumbi.

Waisiko alibaki njiani amesimama. Nikakaa naye. Hakunifukuza. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Haya," akasema, akarudi kwake.

Jumamosi, 14 Juni

Mazoezini wamekuja wasichana wanne. Afande aliwapanga kama vile wako kumi na mmoja. Teddy hakuja.

Jumanne, 17 Juni

Daktari wa Mwanza amerudi. Amempigia Deus kuuliza kama yule mtoto bado anahitaji miadi.

Nikapata namba ya Mokami kwa Waisiko, nikapiga. Kelele nyingi nyuma yake, mashine na redio. Alifurahi kunisikia. Nikamuuliza kama Boke anaweza kuja Mwanza siku moja tu, nitamfuata mwenyewe. Akacheka.

"Daktari wa nini tena, mwalimu? Mzima kabisa. Mchapakazi, hachagui kazi, ameshazoea. Usiwe na wasiwasi naye. Wachimbaji wote wanampenda."

Nikamwambia asante kwa taarifa. Kabla hajakata, huko nyuma yake nikasikia mwanamume anaita jina la Boke, na watu wanacheka.